Kabla Poni Hajaonja

Tangu nistaafu, ofisi ya maji ya kanisa inanisumbua niwaandikie vijana jinsi ya kutengeneza pampu ya mkono. Jinsi ya kutengeneza pampu imo katika kile kitabu chenye picha kilichopo stoo, na picha zake ni nzuri kuliko maneno yangu. Mimi nitaandika yale ambayo kitabu kimeyaacha, yaani watu. Pampu haijawahi kunitukana, haijawahi kunisengenya, wala haijawahi kuitisha kikao cha kamati wakati jua linazama na mabomba bado yako nje. Watu ndio wamefanya hayo yote, na bado nawapenda, wengi wao.

Habari za vyeo na mishahara mtanisamehe. Cheo nilichokipenda nilipewa na wanawake wa vijijini. Waliniita Mama Fundi, na cheo hicho hakuna mkubwa aliyekitia sahihi.

Jina langu ni Florence Candiru, mzaliwa wa Oli, pale mji wa Arua unapoteremkia mtoni na kila kiwanja ni kidogo kuliko mwenyewe anavyokueleza. Mama yangu aliuza sabuni na muhogo mkavu mbele ya nyumba. Nilipoomba kazi kanisani walikuwa wanatafuta mtu wa kufagia stoo ya vipuri, nami nikafagia. Stoo ilikuwa ndogo na mikono yangu ina haraka, kwa hiyo muda wa kuuliza maswali ulikuwa mwingi, na aliyeulizwa alikuwa Mzee Obitre, fundi mkuu.

Mzee Obitre alikuwa mtu mfupi aliyevaa kofia ya sufu hata katika jua la kiangazi. Siku moja alinikuta nimeshika silinda ya pampu, naigeuzageuza kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

"Wewe nataka kufungua hii?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mzee."

"Basi jifunze kufunga kwanza. Kufungua, kila mutu najua."

Alinifundisha kufunga kwa muda mrefu hata nikaanza kudhani ananitania. Kumbe alikuwa hatanii. Siku aliyonichukua kwenda kijijini kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimebeba sanduku la spana kichwani, moyo unanidunda kwa furaha, na nilitaka tufike tu nionyeshe nilichojua. Tukafika. Mzee Obitre akaniambia niweke sanduku chini na nisiliguse. Akavua kofia, akawasalimu watu wote hadi bibi aliyekuwa amelala chini ya paa la nyasi, kisha akashika mpini wa pampu na kuwapigia maji akina mama waliokuwepo, jerikeni baada ya jerikeni, huku akiwauliza habari za mihogo na watoto.

Mimi nilisimama pembeni nikiona aibu. Fundi mkuu anapiga maji kama dada wa nyumbani! Alipomaliza alinieleza. Mpini ukiwa mwepesi na maji hayaji kabisa, fimbo za ndani zimeachana. Maji yakichelewa, mpaka upige na upige ndipo yaje, vali ya chini inavuja au bomba limetoboka. Mpini ukikwama na kulia, tazama beringi na mnyororo. Mkono unasikia haya yote kabla spana haijatoka kwenye sanduku, na wakati huo huo akina mama wamepata maji na wewe umepata salamu. Mpaka leo sijui njia iliyo bora kuliko hiyo, nanyi msiitafute.

Jambo la pili nililojifunza kwake ni gumu zaidi. Ukifungua pampu ambayo mwenzako alifunga vibaya, usimseme. Mafundi wengi, wakiona bolti isiyokazwa, huanza kwa kupiga kelele: nani huyu mjinga aliyefanya kazi hii? Wanakijiji hufurahi sana, maana wamepata mtu wa kulaumu asiyekuwepo. Mzee Obitre aliangalia ile bolti, akaikaza, akanyamaza. Nilimuuliza sababu. Alisema yule fundi labda alikuwa mgonjwa siku ile, labda mvua ilikuwa inamfukuza, na tena huenda fundi mwenyewe alikuwa ni yeye Obitre, maana siku hizi anasahau. Nilicheka, lakini nilianza kuufunga mdomo wangu tangu hapo, na mnaonijua mtashuhudia kwamba haikuwa kazi rahisi.

Kuhusu mabomba, nitasema mara moja tu. Unapoyavuta kutoka kisimani, kishikio cha bomba ndicho maisha yako. Watu wawili wanakishika, fundi anafungua kwa spana, na hakuna anayeachia mpaka fundi aseme. Bomba likidondoka ndani, umekifunga kisima cha kijiji kizima, na utakumbukwa kwa hilo hata kama baadaye utakuwa askofu.

Kwa kuwa mimi ni mwanamke, nilizoea maswali. Nilikuwa nikifika mahali, nimeshika spana ndefu kuliko mguu wangu, na mzee fulani ananiuliza, "Fundi iko wapi?" Namwambia, "Iko hapa." Anatazama nyuma yangu. Namwambia tena, "Baba, usichoke kuangalia, ni mimi." Sikuwahi kugombana na hata mmoja wao. Pampu ilipotoa maji walikuwa wanapata la kusema wenyewe.

Kesi ya kwanza iliyonionyesha kwamba kazi yetu ni ya watu ilikuwa upande wa Inde, kwenye ile barabara ya kwenda kusini. Kulikuwa na kisima karibu na soko, kimechimbwa kwenye kiwanja cha kanisa dogo, na mwenyekiti wa kamati alikuwa ameweka kufuli kubwa kwenye mpini. Kufuli lilifunguliwa kwa waumini tu. Wachuuzi wa sokoni, Waislamu, na wale wanaosali kwa kengele nyingine walikwenda kuteka mtoni. Sisi tuliitwa kubadilisha mpira wa silinda, si kuzungumzia kufuli, na nilitegemea tutafanya kazi na kuondoka.

Kabla ya kazi Mzee Obitre alikuwa na desturi ya kusali. Siku hiyo alivua kofia, akaweka mkono juu ya lile kufuli, akasali kwa sauti ya upole kabisa. "Baba, bariki hii kufuli. Linda yeye na kutu. Wewe najua kazi yake: nafukuza watoto yako yenye kiu. Patia yeye maisha marefu kupita sisi. Amina."

Hakuna aliyeitikia amina. Mwanamke mmoja muuza dagaa alianza kucheka akajifunika mdomo kwa kanga, halafu wote wakaangua kicheko, na mwenyekiti naye akacheka ingawa shingo upande. Alilifungua kufuli mwenyewe. Nilipopita pale miaka iliyofuata lilikuwa linafunga banda la kuku wake, mahali linapofaa.

Mzee Obitre alipostaafu alikwenda kulima, nami nikaachiwa gari, sanduku na wenzangu wawili. Nimefanya kazi katika vijiji vingi sana, na vingi vilikuwa pampu tu: mpira umekwisha, mnyororo umekauka, grisi, asante, kwaheri. Nitaviruka. Nataka kuwaeleza habari ya Koboko.

Mji wa Koboko mnaujua. Kongo iko upande huu, Sudan Kusini upande ule, na katikati kila mtu anauza kitu au anabeba anayeuza. Nje kidogo ya mji, kwenye barabara ya mpakani, kulikuwa na kanisa dogo lenye kisima uani. Wenyeji wa pale ni Wakakwa. Vita vya ng'ambo, Sudan Kusini, vilipowasukuma watu, waliovuka na kufika kwenye kanisa lile nao walikuwa Wakakwa, wa upande wa pili. Lugha moja, nyimbo zile zile, majina yale yale ya watoto. Mimi Mlugbara nilikuwa mgeni zaidi kuliko hao wakimbizi, na ndiyo maana walisema nami Kiswahili.

Mmoja wa waliovuka ni Poni. Alikuja na watoto watatu wa marehemu dada yake, akakodi kibanda nyuma ya kanisa, akaanza kuimba kwaya. Alikuwa na sauti ambayo ikianza, wengine wanapunguza zao bila kuambiwa. Akina mama wa kanisa walimpokea vizuri. Kiongozi wao, Mama Kiden, mjane mwenye mikono ya mkulima na amri za koplo, alimpa sufuria na jembe.

Halafu mjukuu wa Mama Kiden akanywa maji pale kisimani kutoka kwenye kikombe cha Poni, na siku ile ile tumbo likamshika. Alikaa kituo cha afya siku nyingi, akikaribia kufa, kisha akapona. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Sumu. Nyinyi wa huku hamhitaji nieleze jinsi neno hilo linavyotembea kwetu West Nile, pembe hii ya Uganda. Halihitaji pikipiki ya boda. Ndilo linalofanya mwenye nyumba aonje kwanza chakula au kinywaji kabla ya kumpa mgeni, ili mgeni ale kwa amani. Kwetu hiyo ni adabu, na mtoto hufundishwa mapema.

Sehemu nyingine mwanamke anayesemwa hivyo hufukuzwa, au hupigwa. Kanisa lile halikufanya hivyo. Katekista Lomoro, mtu mwema wa kweli, mtu ambaye angekupa shati lake ukiwa umevaa lako, aliita kamati wakasali na kushauriana. Wakaamua kwamba Poni abaki, ila kila asubuhi, kabla mtu yeyote hajateka, Poni aje kisimani apige maji, anywe kikombe cha kwanza mbele ya watu. Akishakunywa, wote wateke. Waliridhika sana na uamuzi huo. Waliona wamemlinda.

Mimi niliitwa kwa sababu maji yalikuwa na harufu. Nilifika asubuhi na wenzangu wawili, nikakuta watu wamesimama kimya, na mwanamke mrefu, mwembamba, anakunywa maji kwa kikombe cha bati huku wote wanamtazama koo. Walikuwa wanatazama kama yanashuka. Alipomaliza aligeuza kikombe chini kuonyesha kuwa ni kitupu, akaondoka bila kumtazama mtu, na jerikeni zikaanza kugongana.

"Huyu ni nani, Katekista?" nikauliza.

"Huyo Poni. Yeye nakunywa kwanza, halafu watu yote nachota. Maneno ilikuwa mingi, Mama Fundi. Sasa amani iko."

Alinieleza kisa chote huku anatabasamu. Nilishika mpini nikawapigia akina mama maji, kwa sababu sikujiamini kufungua mdomo.

Tatizo la maji halikuwa gumu kuliona. Sakafu ya zege kuzunguka pampu ilikuwa imepasuka, mfereji wa kutolea maji umeziba, na uzio haukuwepo tena. Mbuzi walikuwa wanalala palipo na unyevu, wakifanya yote ambayo mbuzi hufanya, na uchafu wao ulikuwa unarudi kisimani kupitia ule ufa. Niliinua kipande cha zege mbele ya kamati nzima. Chini yake kulikuwa na tope jeusi, linanuka, linashuka moja kwa moja kando ya bomba. Sikuuliza nani alipaswa kutengeneza uzio. Nilisema tu kwamba maji haya yanaweza kumwangusha mtoto yeyote, awe amenywea kikombe cha nani, na kwamba zege huchoka kama watu.

Walielewa. Katekista alishika kichwa. Mama Kiden, aliyekuwa amesimama na mikono nyuma, aliliangalia lile tope muda mrefu. Wote walinishukuru, tukasali, nikalala usingizi mzuri nikijua kesi imekwisha.

Asubuhi, kabla hatujafunga kisima kwa ajili ya ujenzi, watu walikuja kuteka maji ya kuchemsha. Walisimama kimya. Poni alikuja. Kikombe cha bati kilikuwa pale pale.

Nilimvuta Katekista pembeni. "Si jana tumeona mbuzi?"

"Tumeona, Mama Fundi. Sisi nakubali kabisa." Akakuna shingo. "Lakini aonje tu. Kukata maneno."

Nilikasirika mpaka masikio yakaniwaka. Nilitaka kurudisha sanduku kwenye gari na kuwaachia mbuzi wao. Ninajua hasira yangu, ni hodari wa kazi lakini haijui kufunga, inajua kufungua tu, na watoto wa pale walikuwa wanahitaji maji. Basi nikaanza kuvuta mabomba.

Kuvuta mabomba kunahitaji mikono mingi, nami niligawa watu. Kwenye kishikio nilimweka Mama Kiden upande mmoja na Poni upande wa pili. Nilisema ni kwa sababu ya nguvu zao, na nguvu walikuwa nazo kweli, lakini msidhani sikujua nilichokuwa nafanya. Walishika pamoja asubuhi nzima, uzito wote wa mabomba mikononi mwao, nami nikifungua moja baada ya jingine. Hawakukosea hata mara moja. Mmoja akishusha pumzi mwingine anapokea. Nilijipongeza moyoni kwa ujanja mkubwa. Chakula kilipokuja, Mama Kiden alikaa na wenzake chini ya ukuta wa kanisa, na Poni akaenda kula peke yake kibandani kwake.

Nilimfuata. Alikuwa anamenya muhogo, watoto wako shule. Niliketi bila kukaribishwa.

"Poni, pole," nikasema.

"Pole ya nini? Wewe iko nafanya kazi muzuri." Aliendelea kumenya. "Mama Fundi, mimi nikikataa ile kikombe, watasema, unaona, makosa iko. Nikikunywa, ni mimi mwenyewe kila asubuhi naambia watu kama mimi iko mutu ya sumu. Sasa nimechoka. Siku ile kisima itafunguliwa, wakiniita, mimi hapana kunywa. Nachukua watoto, narudi ng'ambo."

"Ng'ambo bunduki iko."

"Bunduki haijui jina yangu," akasema. "Hii watu nayo inajua jina yangu, na naimba na wao."

Wale watoto watatu walikuwa wamemzika mama yao upande ule, na sasa wangerudishwa kwa sababu ya kikombe cha bati na watu wema. Nilimwomba asubiri mpaka siku ya ufunguzi. Alisema angesubiri, kwa sababu anapenda kumaliza kazi aliyoanza.

Tukamwaga zege jipya. Zege linahitaji kutulia na kumwagiwa maji, kwa hiyo tulilifunika magunia na kukaa tukingoja. Katekista Lomoro alivua viatu akachimba mfereji mwenyewe, na uzio alioujenga ungezuia tembo. Nafikiri alikuwa na jambo linalomsumbua, na mtu mwema akisumbuliwa hujenga.

Mimi nilikuwa nakula kwa Mama Kiden. Siku moja alileta uji wa mtama, akaonja kwanza kwa kijiko, kisha akanipa bakuli. Nililipokea, lakini sikunywa.

"Mama, kwa nini umeonja?"

"Desturi iko. Wewe mgeni."

"Na Poni naonja kwa desturi?"

Aliweka kijiko chini kwa nguvu hata kuku wakaruka. "Wewe hapana kuona ile mtoto! Macho yake ilikuwa nageuka nyeupe. Mimi namushika, yeye hapana kunijua. Mimi, bibi yake! Halafu wewe nakuja na spana yako naniambia mbuzi."

Alikuwa na haki ya kusema na mimi nilikuwa na bakuli la kushika. Alizungumza mpaka sauti ikapungua, jinsi alivyomzika mume, jinsi alivyomzika binti, na huyu mtoto ndiye aliyebaki. Kisha akafuta uso kwa kitenge.

"Mbuzi nimeona. Mimi si mjinga. Lakini nikiona ile kikombe, roho inaruka. Naogopa tu, Mama Fundi. Mutu anafanya nini na woga?"

"Sijui, Mama," nikasema. "Ila wa kuambiwa hiyo si mimi. Yuko nyuma ya kanisa."

Alichukua bakuli langu akaenda kulipasha moto, maana uji ulikuwa umepoa. Hatukuzungumza tena habari hiyo.

Tulirudisha mabomba, tukatia dawa ya kusafisha kisima, tukapiga maji mpaka harufu ya dawa ikaisha kabisa. Hapo nilisimamia kwa ukali, maana katika kanisa lile harufu mpya ingezaa kamati mpya. Ufunguzi ukawekwa Jumapili baada ya ibada. Asubuhi hiyo nilipita nyuma ya kanisa. Godoro lilikuwa limekunjwa na kufungwa kamba mlangoni kwa Poni, sufuria juu yake, na watoto wamevaa viatu.

Watu walikuwa wengi: wenyeji, wakimbizi, wachuuzi wa Kikongo, waendesha boda waliokuja kwa ajili ya soda. Katekista alisali sala ndefu. Nilimwona ameshika kile kikombe na hakijui mkono wa kukaa. Nadhani alitamani mtu amkataze, lakini alishazoea, na mazoea ni mabaya kuliko ubaya.

"Poni," akaita. "Kuja, mwanangu. Fungua kisima."

Poni alikuwa amesimama na kwaya. Hakusogea. Alitazama mbele yake, mikono imeshuka. Katekista akaita tena, sauti ya chini. Poni akatikisa kichwa.

"Si munaona?" mwanamume mmoja akasema nyuma. "Leo nakataa!" Manung'uniko yakaanza kupanda, na nyuso zikaanza kubadilika. Nilishawahi kuona watu wakibadilika hivyo mahali pengine na sikupenda kuona tena. Nilikuwa nimeshapiga hatua nikichukue kikombe ninywe mimi, halafu nikajizuia. Fundi kutoka Arua akinywa, wangesema fundi ni jasiri, na kesho yake mambo yangerudi pale pale. Niliganda mguu mmoja mbele, nikiomba bila maneno.

Mama Kiden ndiye aliyetoka. Alikwenda kwa Katekista akamnyang'anya kikombe, kisha akatembea hadi kwa Poni. Mnajua kwetu mwanamke mdogo humpigia magoti mkubwa. Mama Kiden, na umri wake, na kitenge chake cha Jumapili, alipiga magoti kwenye vumbi mbele ya Poni, akampa kikombe kwa mikono miwili. Alisema kwa Kiswahili, ili sisi wote tuelewe.

"Poni, mimi iko na kiu. Nipe maji."

Poni hakuelewa, au aliogopa kuelewa. Alikichukua kikombe, akaenda kwenye pampu, akapiga mpini. Maji yakaja mara moja, meupe, mazuri. Alirudi na kikombe kimejaa, na kwa mazoea yale ya kila asubuhi akakiinua kukipeleka mdomoni kwake.

Mama Kiden akamshika mkono. "Hapana. Usionje."

Akanywa. Akanywa yote, koo lake likishuka na kupanda mbele yetu, maji mengine yakitiririka kidevuni, akamrudishia kikombe kitupu.

"Ile maneno ilitoka kwa mimi," akasema, bado amepiga magoti. "Woga ilikuwa yangu. Nikabebesha wewe."

Poni alikuwa analia na kumvuta mkono. "Mama, simama. Simama, watu naangalia."

"Wacha waangalie. Siku zote walikuwa naangalia wewe."

Yaliyofuata sikuyaona vizuri, maana macho yangu hayakuwa makavu na sioni aibu kuandika hivyo. Najua Katekista Lomoro alikuja kunyoosha mikono yake kwa Poni, akapewa maji, akanywa, akajaribu kusali na safari hii akashindwa kabisa. Najua watu walipanga mstari kunywa kutoka mkononi kwake, na yule mwanamume wa nyuma naye alikuwemo, akitazama viatu vyake. Wale watoto watatu walivua viatu wakaenda kucheza.

Nilibaki siku moja zaidi kukaza bolti, kama inavyotakiwa baada ya pampu kufanya kazi. Asubuhi na mapema uwanja ulikuwa umejaa jerikeni za njano na kelele. Hakuna aliyenyamaza, hakuna aliyetazama koo la mtu. Nilikuwa nimeinama kwenye sakafu na spana yangu nilipomwona Poni anakuja amechelewa, kitenge amefunga vibaya, jerikeni mbili mkononi, na kwa ujanja ambao ungemdanganya kipofu tu, akazisukuma taratibu kwa mguu zikaingia mbele ya watu wengine.

"Poni!" Mama Kiden alipaza sauti mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. "Wewe naona nini? Foleni iko kwa watu yote! Rudi nyuma!"

"Mimi nilikuwa hapa kutoka mapema!"

"Uongo! Ulikuwa nalala! Rudi!"

Poni alisonya kwa sauti ya mtu aliyeonewa sana, akaokota jerikeni zake, akarudi nyuma kabisa ya mstari, akinung'unika kama mtu mwingine yeyote.